Je, Wajua? Mtemi Katika Serikali Iliyofuta Utemi

Je, wajua ya kuwa Chifu Abdallah Saidi Fundikira wa Unyanyembe, aliyezaliwa mwaka 1921 katika nasaba ya watemi wa Wanyamwezi, alikuwa waziri katika serikali ile ile iliyoyafuta madaraka ya machifu?

• Kiti alichokirithi kiliwahi kukaliwa na Mtemi Isike, yeye ambaye mwaka 1893, Wadachi walipokwisha kuivamia ngome yake ya Tabora, alikhiari kujilipua kwa baruti kuliko kutiwa mikononi mwa adui.

• Fundikira hakuinuliwa kwa mikuki bali kwa elimu: alisoma Makerere, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 akakabidhiwa wizara ya sheria.

• Mwaka 1963 machifu walivuliwa enzi yao. Na mwaka huo huo yeye naye akajiuzulu uwaziri.

• Vyama vingi viliporuhusiwa tena mwaka 1992, mzee huyu, hali umri wake umekwisha pita miaka 70, alirejea ulingoni akiongoza chama cha upinzani cha UMD.

Alifariki dunia mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 86.