Lisansi ya kuruka haijakuwa kazi ya kuruka



Kila mwezi napata ujumbe wa namna moja: «Yaya, nilimaliza chuo, niko na lisansi, nifanye namna gani niingie kazi ya piloti?» Kila mara nacheka kidogo juu ya lile neno. Lisansi yako ya uchumi ao ya sheria inaonyesha kwamba ulisoma, basi. Lisansi ya kuruka ni karatasi ingine kabisa, na hata hiyo haikupi kazi. Mimi niliipata, kisha nikakaa miezi 19 bila kugusa ndege. Naandika ili mujue mlango uko wapi mbele familia haijauza kiwanja.

Tuanze na daktari. Mbele ya kulipa hata dola 1 ya shule, enda upimwe afya ya piloti, daraja la kwanza, kwa daktari anayekubaliwa na wakubwa wa anga. Wanaangalia moyo, masikio, macho na rangi. Miwani haina shida kama ukiivaa unaona vizuri. Namjua kijana aliyelipa robo ya masomo, kisha akaambiwa hatofautishi nyekundu na kijani. Pesa haikurudi. Na hicho cheti si cha milele: kijana anarudia kupimwa kila miezi 12.

Shule, wengi wetu tunaenda kuitafuta inje, Afrika Kusini, Ethiopia na kwingine. Kwa lisansi ya kuruka kwa kulipwa, sheria ya kimataifa inadai masaa 200 hewani, ao 150 kama umefwata masomo ya mfululizo kwa shule iliyokubaliwa. Hesabu makumi ya maelfu ya dola. Kisha ukirudi na lisansi ya kigeni, lazima Kinshasa, kwa wakubwa wa anga wa nchi, waitambue mbele ya wewe kuruka na ndege ya hapa. Weka pesa na miezi juu ya hiyo safari ya karatasi, juu wengi wanaisahau.

Na Kingereza. Najua, sisi tulisoma Kifaransa. Lakini kwa safari za kimataifa piloti anapimwa kuongea Kingereza, kuna ngazi 6, na ya chini inayokubaliwa ni ya 4. Mwenye ngazi ya 4 anapimwa tena kila miaka 3. Mwenye ya 6 hapimwi tena. Hii unaweza kuianza leo, ukiwa bado nyumbani, bila kuuza kitu.

Sasa ile miezi 19. Kampuni zilitaka masaa 500, zingine 1,000, na miye nilikuwa na 207. Bila kazi hakuna masaa, na bila masaa hakuna kazi! Nilipeleka barua kila pahali, hakuna aliyejibu. Mwishoni nilikubali kazi ya kupima mizigo kwa kampuni moja ndogo hapa Lubumbashi. Rafiki zangu walinicheka: piloti muzima kwenye mizani.

Siku moja ya Mwezi wa Kumi, kukiwa jua kali, mama mmoja mfanyabiashara alileta mifuko 12. Mizani ilikuwa na watu wengi, saa ilikuwa imepita, naye akanibembeleza: «Mutoto yangu, kila mufuko ni kilo 50, andika tu.» Nikaandika. Komanda akaja, akainua mfuko mmoja kwa mkono, akauangusha. Hakunigombeza. Alisema tu, «Rudia. Moja moja.» Hakuna uliokuwa chini ya 60, na wote pamoja ulizidi karatasi yangu kwa kilo 170. Ni kama watu wazima wawili wamepanda na hakuna anayejua wako ndani.

Kwa nini ni kitu kikubwa? Uwanja wa Luano uko mita zaidi ya 1,300 juu ya bahari. Kwa urefu ule hewa ni nyepesi, na joto linaipunguza tena. Mabawa yanabeba kidogo, mashini inatoa nguvu kidogo, ndege inakimbia mbali zaidi mbele ya kuinuka. Kilo zilizopita asubuhi kwa baridi zinaweza kukataa saa saba mchana. Na kilo peke yake haitoshi, lazima ujue imekaa wapi. Tarehe 25/8/2010, karibu na Bandundu, ndege ndogo ya Let 410 ilianguka, watu 20 wakafa. Mmoja aliyepona alisimulia kwamba mamba aliyefichwa ndani ya mfuko alitoka, abiria wakakimbilia mbele. Watu wanaisimulia kama kichekesho. Sisi tunaosoma karatasi za uzito hatucheki.

Ile siku mifuko mitatu ilibaki. Mwenye kampuni alikasirika, mama naye akalia. Nilidhani kazi yangu imekwisha. Lakini kuanzia pale yule komanda alianza kuniuliza maswali: mafuta ya leo yanatosha kufika, kwenda uwanja wa pili kama wa kwanza umefungwa, na bado dakika 30 juu yake? Kiti cha kopiloti kilipofunguka, alitaja jina langu. Kwa hiyo nikiulizwa namna ya kuajiriwa, nasema: sogea karibu na ndege kwa kazi yoyote, juu wanaoajiri wanachukua mtu waliyemwona akifanya kazi.

Haikuwa asali. Kuna mafunzo ya aina ya ndege yenyewe, na mara nyingi unasaini mkataba wa kubaki miaka fulani, ao unarudisha pesa. Usome kila mstari. Nilifanya pia miezi 5 bila mshahara, «juu ya kupata masaa». Siwezi kukuambia ukatae, mimi sikukataa. Lakini angalia kila saa iandikwe na kusainiwa. Na masaa ya kalamu, yale mtu anayojiandikia kwa kitabu bila kuruka, yaache. Siku ya majaribio wanakuweka ndani ya mashini ya mazoezi, wanazima injini moja, na kwa dakika mbili uongo wote uko wazi.

Wengine wananiuliza juu ya Ulaya. Kampuni zote zenye cheti cha Kongo ziko kwenye orodha ya zile Umoja wa Ulaya inazikataza kwenda kule. Orodha inafunga kampuni, haikufungi wewe kama mtu, lakini kila nchi itakupima upya.

Mimi sasa niko na masaa 1,140. Ili niwe komanda wa kampuni kubwa, lazima nifike 1,500, pamoja na mitihani yake. Kesho tunaenda Kalemie na kurudi, karibu masaa 4. Tunaondoka mapema, juu mchana mawingu ya mvua yanasimama njiani kama ukuta. Saa kumi ya alfajiri niko kwenye mizani, hata kama siku hizi kuna mwingine anayelipwa kuisimamia.