Kukatika kwa Mtandao Nyumbani: Dalili Moja, Sababu Nyingi

Katika kata ya Iringo mjini Musoma, kama ilivyo katika miji mingi nchini, si jambo geni siku hizi kukuta kasha dogo la plastiki lenye taa limewekwa juu ya kabati la sebuleni. Kasha hilo ni ruta, yaani chombo kinachoiunganisha nyumba na mtandao wa intaneti. Kwa njia yake kijana aliyemaliza Kidato cha Sita hujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, na mzazi husoma matokeo ya Baraza la Mitihani mara yanapotangazwa. Lakini jioni, watu wanapokuwa wamerudi nyumbani, mtandao hukatika, hurudi kwa dakika chache, kisha hukatika tena. Fomu iliyojazwa nusu hupotea, nayo tarehe ya mwisho ya kupokea maombi haimngoji mtu.

Jambo la kwanza linalofanywa na wengi ni kununua kifurushi kikubwa zaidi. Kisipofaa, hubadili laini. Laini nayo isipofaa, hununua ruta mpya. Huku ni kutibu bila kupima. Homa si jina la ugonjwa mmoja, bali ni dalili inayoweza kuletwa na malaria, homa ya matumbo, au maradhi mengine; ndiyo maana mgonjwa hupelekwa kwanza maabara. Vivyo hivyo kukatika kwa mtandao ni dalili tu. Makala haya yanaeleza namna ya kukitafuta kiini chake kwa vipimo ambavyo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuvifanya.

Safari ya pakiti

Habari zinazopita katika intaneti hazisafiri kama maji katika bomba. Hukatwa kuwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya mahali inapokwenda. Mwaka 1974 wataalamu wawili wa Marekani, Vinton Cerf na Robert Kahn, walichapisha kanuni ambayo ndiyo msingi wa utaratibu unaotumika hadi leo: mpokeaji hutoa taarifa ya pakiti zilizomfikia, na iliyopotea hutumwa upya. Kwa sababu hiyo upotevu mdogo haumfikii mtumiaji kama pengo katika maandishi, bali kama ucheleweshaji. Aidha, pakiti zikipotea, kompyuta inayotuma huchukulia kwamba njia imejaa, hivyo hupunguza mwendo wake. Upotevu ukizidi, mawasiliano huvunjika kabisa.

Kwa nyumba inayotumia laini ya simu, safari ya pakiti ina hatua tatu. Ya kwanza ni kutoka kwenye simu au kompyuta hadi kwenye ruta, kwa mawimbi ya redio yanayojulikana kama waifai. Ya pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwenye mnara wa kampuni ya simu, nayo pia ni kwa mawimbi ya redio. Ya tatu ni kutoka kwenye mnara hadi ulimwengu wa nje, kwa sehemu kubwa kupitia mikongo ya nyuzi za kioo. Tena, ruta yenyewe huhitaji umeme usiokatika. Hitilafu katika hatua yoyote kati ya hizi humfikia mtumiaji kwa sura ileile, yaani ukurasa usiofunguka.

Ndani ya nyumba

Waifai hutumia hasa mawimbi ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Kasi ya mawimbi ya redio ni mita 300,000,000 kwa sekunde. Tukiigawanya kwa marudio yake, twapata urefu wa wimbi wa sentimita 12.5 kwa aina ya kwanza, na sentimita 6 kwa aina ya pili. Kwa kawaida aina ya kwanza hupenya kuta vizuri zaidi, lakini hugombaniwa na ruta za majirani na hata jiko la mikrowevu, ambalo hutumia marudio yaliyo karibu sana na hayo.

Mahali palipo wazi, nguvu ya mawimbi hupungua kwa kanuni ya kinyume cha mraba: umbali ukiwa maradufu, nguvu inayopokewa huwa robo. Ndani ya nyumba hali huwa mbaya zaidi. Mabati, nondo za dirisha na mlango wa jokofu huyaakisi mawimbi, na maji huyafyonza; tangi la maji likiwa kati ya ruta na chumba cha kulala, ni ukuta mwingine. Programu nyingi za simu huonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli, kwa namba hasi. Kila desibeli 10 zinazopungua ni mgawanyo kwa kumi. Hivyo kutoka hasi 50 karibu na ruta hadi hasi 80 chumbani, nguvu imepungua mara elfu moja, ingawa mtu ametembea hatua chache tu.

Umeme nao usisahauliwe. Ruta hupata umeme kupitia kigeuzi kidogo kinachoshusha volti 230 za ukutani, mara nyingi hadi volti 12. Soketi iliyolegea inaweza kuukata umeme huo kwa muda mfupi mno, ambao hata taa ya chumbani haionyeshi wazi. Lakini ruta huzimika na kuanza upya, na huchukua dakika moja au mbili, pengine zaidi, kabla ya kujiandikisha tena kwenye mnara. Tukumbuke pia kwamba bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye radi nyingi. Mawingu ya mvua yanapokusanyika ni busara kuchomoa vifaa ukutani mapema, maana msukumo wa umeme unaoletwa na radi huweza kukiharibu kigeuzi au ruta yenyewe.

Kutoka nyumbani hadi mnarani

Mji wa Musoma umejengwa juu ya rasi inayoingia ziwani, wenye vilima na majabali makubwa ya mawe. Jabali likiwa kati ya nyumba na mnara, mawimbi hufika yakiwa dhaifu, au hufika baada ya kuakisiwa na vitu vingine. Kwa upande mwingine, maji hayana kizuizi, na mawimbi ya mnara wa ng'ambo yanaweza kuvuka uso wa ziwa na kufika mbali kuliko inavyotazamiwa. Zaidi ya hayo, hewa yenye joto inapolala juu ya hewa baridi iliyo karibu na maji, mawimbi hupinda kuifuata dunia na kufika mbali zaidi. Ruta iliyo mahali panapofikiwa na minara miwili kwa nguvu zinazokaribiana huweza kuhamahama kati yao, na kila inapohama huduma huyumba. Mara nyingi kuisogeza hadi kwenye dirisha linaloelekea mnara mmoja hutosha kuituliza.

Mnara, hata hivyo, ni mali ya wengi. Uwezo wake hugawanywa kwa wote wanaoutumia kwa wakati mmoja, na saa za jioni ndipo watumiaji wanapokuwa wengi. Hapa yafaa kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa sana, yaani kukatika na kulemewa. Mnara ukilemewa, kwa kawaida ruta huendelea kushikamana nao, ila pakiti huchelewa. Mawasiliano yakikatika, ruta hupoteza mnara kabisa, na taa yake ya mtandao hubadilika au kuzimika.

Kwa nyumba iliyounganishwa kwa uzi wa kioo hakuna mnara katikati, lakini kuna udhaifu mwingine. Mwanga hubaki ndani ya uzi kwa kuakisiwa kikamilifu na kuta zake. Uzi ukipindwa mno, kama vile kwenye kona ya mlango, mwanga huipiga kuta kwa pembe isiyofaa na kuvuja nje. Kwa hiyo uzi usikunjwe kwa nguvu wala kupigiliwa misumari.

Mbali kabisa

Jumapili tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika katika bahari ya upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Huduma ya intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika sana. Mikongo hiyo ilikuwa imeanza kazi miaka ya 2009 na 2010, na kabla yake sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya ukanda huu ilitegemea satelaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwa umbali huo swali na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde kwenda na kurudi. Katika uzi wa kioo mwanga hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na hata mkongo wa kilomita 10,000 huhitaji sehemu ya kumi tu ya sekunde kwa safari ya kwenda na kurudi.

Tukio la mwaka 2024 lafundisha jambo moja: kuna hitilafu ambazo kuzima na kuwasha ruta hakuwezi kuzisaidia. Dalili yake ni kwamba majirani wanaotumia kampuni tofauti huathirika kwa wakati mmoja. Iwapo nyumba moja tu ndiyo yenye shida, kiini hakiko baharini.

Kipimo chenyewe

Kompyuta karibu zote zina amri iitwayo ping. Amri hii hutuma pakiti ndogo kwa anwani fulani, husubiri zirudi, kisha huhesabu zilizopotea na muda zilizotumia. Simu nazo zina programu za bure zifanyazo kazi hiyo. Kipimo cha kwanza huelekezwa kwa ruta yenyewe, ambayo anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Cha pili huelekezwa nje, kwa anwani ijulikanayo kujibu daima, kama vile 8.8.8.8. Cha tatu hutumia jina la tovuti badala ya namba. Namba ikijibu na jina lisijibu, njia ni nzima, ila huduma inayotafsiri majina kuwa namba ndiyo yenye kasoro.

Na ichukuliwe nyumba ya kufikirika hapo Iringo. Chumbani, pakiti 100 zinatumwa kwa ruta na zinarudi 82. Sebuleni, kando ya ruta, zinarudi 100 kamili. Basi hitilafu ya kwanza ni njia ya kati ya vyumba viwili: ruta ilikuwa nyuma ya jokofu. Inahamishiwa juu ya kabati, na chumbani zinarudi 99.

Hata hivyo, saa mbili usiku mtandao unakatika tena. Safari hii familia inafungua ukurasa wa ruta unaoonyesha muda tangu ilipowashwa, na kukuta dakika 14 tu, ilhali hakuna aliyeizima. Jibu ni umeme. Kigeuzi kilichomekwa kwenye soketi ya nyongeza iliyolegea, inayotumiwa pia na pasi. Kinahamishwa kwenye soketi ya ukutani.

Siku ya tatu hakuna kukatika, lakini saa mbili usiku pakiti zinazokwenda nje zinatumia muda mara nne ya zile za saa kumi na moja alfajiri, ilhali zile zinazokwenda kwa ruta hazijabadilika. Huko ni kulemewa kwa mnara, na hakuna kifaa cha nyumbani kinachoweza kukuondoa. Fomu ya mkopo itajazwa alfajiri.

Nyumba hiyo ilikuwa na sababu tatu chini ya dalili moja. Lau familia ingenunua ruta mpya siku ya kwanza na kuiweka palepale nyuma ya jokofu, kwa soketi ileile, fedha zingekwenda na shida ingebaki. Mvuvi wa Mwigobero hatupi wavu kwa kuwa samaki wanatoroka. Huutandaza na kuukagua jicho kwa jicho.

Kanuni mbili zahitajika katika kazi hii, nazo ndizo zilezile za maabara. Kwanza, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua lipi lililoleta nafuu. Pili, andika. Daftari lenye tarehe, saa, mahali, idadi ya pakiti zilizorudi, hali ya taa na hali ya hewa lina faida nyingine pia: mteja anayempigia fundi wa kampuni akiwa na rekodi ya siku saba hupunguza ubishi, kwani anaweza kuonyesha kwamba ndani ya nyumba yake pakiti zote hurudi na kwamba upotevu huanzia nje.

Kazi ya darasani

1. Pima nguvu ya mawimbi ya waifai kwa umbali wa mita 1, 2, 4 na 8 kutoka kwenye ruta, kwanza uwanjani, kisha ndani ya jengo. Chora grafu mbili na ueleze tofauti zake.

2. Weka karatasi ya bati, kisha ndoo ya maji, kati ya simu na ruta. Andika desibeli zinazopungua kila mara, na uzigeuze kuwa mgawanyo wa nguvu.

3. Tuma pakiti 100 kwa ruta na 100 nje, alfajiri, mchana na usiku, kwa siku saba. Amua hitilafu iko hatua ipi, na utaje kipimo kinachokuthibitishia hivyo.