DAFTARI LA MANJU: JINSI VIONGOZI WA NGOMA WANAVYOPANGA NYIMBO ZAO

Nina hakika kila mmoja wenu amewahi kusimama kando ya barabara harusi ikipita, au uwanjani Siku ya Mashujaa, akawatazama akina mama wakicheza ngoma. Macho yetu huwa kwenye miguu na mabega. Leo nataka tumtazame yule mama wa mbele, mwenye filimbi mdomoni na usinga mkononi. Huyo ndiye manju. (Sisi wanafunzi humwita soloisti, lakini mwalimu wetu wa Kiswahili amenikataza kuandika hivyo hapa.)

Manju huanzisha wimbo, wengine wakaitikia. Akipuliza filimbi, duara linageuka; akiinua usinga, wote wanainama. Kazi hii huonekana rahisi mpaka ujiulize swali moja: anajuaje wimbo upi uimbwe sasa na upi ufuate? Nyanya yangu amekuwa manju wa kikundi cha akina mama mtaani kwetu hapa Nakuru tangu 1994, na nyimbo anazozijua zinapita mia moja. Wengi hudhani zote zimo kichwani tu. La hasha! Anazo kwenye daftari la kurasa nyingi, lililofunikwa kwa gazeti kuukuu na kushonwa kwa uzi wa gunia.

Kila wimbo una ukurasa wake. Juu kabisa ni maneno mawili matatu ya kwanza, maana nyimbo nyingi za asili hazina jina jingine. Chini yake ni lugha, kisha shughuli: harusi, kupeleka mahari, kuzaliwa kwa mtoto, kupokea mgeni, mavuno, mazishi. Halafu vyombo. Isukuti, kwa mfano, haiendi bila ngoma tatu, yaani kubwa, ya kati na ndogo. (Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Nyanya ni Mwidakho na alipoambiwa habari hiyo aliuliza tu, "Sasa watatuletea ngozi za ngoma?") Pembeni mwa ukurasa kuna alama za miguu: kistari ni hatua ya mbele, duara ni kuzunguka, pembe ni kuinama. Mwisho kabisa ni jina la mama anayeweza kuuanzisha wimbo huo siku ambayo nyanya hana sauti.

Maneno yote ya wimbo hayamo, ila ubeti wa kwanza na kiitikio. Manju hutunga mengine papo hapo, akimtaja bwana harusi, mamake na hata mbuzi walioletwa. Kuna nyimbo pia ambazo hazina ukurasa kabisa. Sioyaye ya Wabukusu huimbwa vijana wakitoka mtoni alfajiri ya kutahiriwa. Nyanya anaijua vizuri sana, lakini anasema kuiandika baina ya nyimbo za harusi ni kuikosea heshima.

Akialikwa mahali, halibebi daftari zima. Huandika nambari za kurasa kwenye kikaratasi, akakifunga kwenye pindo la leso. Mpangilio wa kikaratasi hicho ndio ujuzi wenyewe. Wimbo wa kwanza lazima uwe ule ambao hata mama aliyejiunga jana anaujua. Nyimbo mbili za kuinama hazifuatani, kwa sababu mama wa miaka 60 akichutama mara mbili mfululizo, wewe ndiye utakayemwinua! Ngoma ngumu huwekwa katikati, mwili ukishapata moto na kabla ya kuchoka. Ya mwisho iwe ya wageni kuingia. Na kama ni ruracio ya Wakikuyu, gitiiro hupewa nafasi kubwa, kwani ule ni wimbo wa kujibizana baina ya pande mbili na huwezi kuukata watu wakiwa bado wanajibizana.

Nilidhani huu ni ujanja wa nyanya peke yake, kumbe! Mwalimu wetu wa muziki alitueleza kuhusu dansi ya kontra inayochezwa hasa New England, Marekani. Wachezaji husimama wawili wawili katika mistari mirefu, na kiongozi huita hatua kwa sauti muziki ukiendelea. Wakishazizoea, hunyamaza akawaacha wacheze. Viongozi wengi wa huko huandika kila dansi kwenye kadi moja ndogo. Kadi imegawanywa mara nne, kila sehemu mapigo 16, jumla 64, kwa sababu muziki wenyewe huenda hivyo. Juu ya kadi huandikwa jina la dansi, aliyeitunga, jinsi ya kusimama na kama ni rahisi au ngumu. Kabla ya shughuli, kiongozi hutoa kadi chache sandukuni na kuzipanga, akihakikisha dansi mbili zinazofanana hazifuatani. Siku hizi wengine huziweka kwenye kompyuta. Nilipomsimulia nyanya, alicheka akasema kadi moja ikianguka matopeni itakuwaje.

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, lina mpango tofauti. Pale ngoma za asili hugawanywa kwa maeneo na jamii, ili mwamuzi alinganishe zinazolingana. Kwa mashindano hilo ni jambo zuri. Lakini kwa kikundi cha mtaani hapa Nakuru, ambapo Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya, Mjaluo, Mkisii na Mturkana huteka maji bomba moja, nina shaka nao, na sababu ni hii.

Zamani daftari la nyanya lilipangwa kwa makabila. Nyimbo za Waluhya zilitangulia kwa sababu mwenye daftari ni Mluhya, na nyingine zikafuata. Hakuna aliyelalamika. Kisha ikaja Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mimi sikuwa nimezaliwa. Akina mama wa kikundi walitawanyika; wengine walilala kwenye kambi ya uwanja wa maonyesho, wengine walipanda malori wakaenda wasirudi. Majina yao yalibaki mwisho wa kurasa na hakukuwa na wa kuanzisha nyimbo zao.

Waliobaki walipokutana tena miezi kadhaa baadaye, kabla hata ya kuimba, mama mmoja aliuliza, "Hilo daftari lako linaanza na nani?" Nyanya anasema swali hilo lilimchoma kuliko mengi aliyoyaona mwaka huo. Usiku alichukua wembe, akakata uzi, akazitandaza kurasa zote sakafuni na kuzipanga upya kwa shughuli. Aliweka kuzaliwa kwanza, mazishi mwisho. Nyimbo za kupokea mtoto za lugha zote zikalala pamoja. Ndivyo lilivyo mpaka leo.

Sasa macho ya nyanya yameingia ukungu na amenipa kazi ya kulinakili. Hapo ndipo nilipoharibu. Nyimbo za msiba yeye huzipigia mstari mwekundu juu, lakini mimi nilikuwa na biro ya buluu tu, nikaziandika bila mstari. Muhula uliopita tukitafuta wimbo wa Kikisii kwa mazoezi ya ngoma, nilitoa mmoja wenye hatua tamu, nikaufundisha kwa bashasha. Mwenzetu mmoja aliacha kucheza. Alisema kwa sauti ya chini kwamba huo ndio waliomwimbia babu yake wakimzika. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nyanya hakunigombeza. Alinunua penseli nyekundu, na tangu siku hiyo hakuna ukurasa unaopita kabla sijamwimbia wimbo wenyewe, maana sauti haiandikiki. Tunarekodi pia kwa simu. Tumefika ukurasa wa 37. Wa 38 ni wimbo wa Kiturkana ambao nyanya anakumbuka hatua zake tu. Mama aliyeuanzisha yuko Lodwar, na tumepata nambari ya binti yake. Tutampigia Jumapili baada ya kanisa.