Manganizi na Ubongo wa Mchimbaji

Kisenge, iliyo magharibi ya Kolwezi katika jimbo la Lualaba, yajulikana kwa manganizi. Mwili huihitaji madini hii kwa kiasi kidogo tu. Vumbi lake likivutwa kwa miaka mingi, hurundikana katika viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo, vinavyoratibu mwendo. James Couper aliyaeleza madhara hayo mwaka 1837, kwa wasagaji wa manganizi huko Uskoti: miguu hulegea, uso hukakamaa, sauti hufifia. Mgonjwa aweza hata kudhaniwa mlevi! Tabibu naye aweza kuushuku ugonjwa wa Parkinson. Lakini Parkinson huua hasa seli za eneo jingine, zitengenezazo dopamini. Ndiyo maana levodopa, iwafaayo wagonjwa hao, humsaidia mchimbaji huyu kidogo mno. Yeye huhitaji kwanza kuondolewa vumbini, tena mapema.