Kufufua Trekta Kuukuu la Petroli: Kazi ya Fundi na Lugha Yake

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili amezoea kuambiwa kwamba lugha hii ina uwezo wa kueleza sayansi na teknolojia. Ni nadra, hata hivyo, aonyeshwe kazi moja ya kiufundi ikielezwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Makala haya yanakusudia kufanya hivyo. Kazi iliyoteuliwa ni ukarabati wa trekta kuukuu linalotumia petroli, na trekta lenyewe ni Ferguson TE20 lililokuwa limesimama chini ya mti kwa miaka 11 katika shamba la mjomba wangu, Trans Nzoia. Niliandamana na fundi tangu siku ya kwanza, kalamu mkononi, nikinuia kukusanya istilahi tu. Mambo yaligeuka, kwa kuwa haikuwezekana kulielewa neno bila kukielewa kifaa, wala kukielewa kifaa bila kushika spana.

Yafaa msomaji ajue mapema kwamba kazi hiyo haikuwa ya kupitisha wakati. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuja na mizani yake. Mjomba alimpa fundi muda hadi mwisho wa Februari: trekta lisipoweza kulima kabla ya mvua za masika, lingeuzwa kwa kilo.

Trekta lenyewe

Ferguson TE20 lilibuniwa na Harry Ferguson, mhandisi mzaliwa wa Ireland, na likaundwa na kampuni ya Standard katika kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, Uingereza, kati ya mwaka wa 1946 na 1956. Zaidi ya matrekta 500,000 ya aina hii yalitengenezwa, yote yakiwa na rangi ya kijivu. Ubora wake mkubwa ulikuwa ule mfumo wa viungo vitatu vya nyuma, unaoinuliwa kwa nguvu za mafuta yaliyogandamizwa, ambao hulifanya plau na trekta kuwa kitu kimoja. Mfumo huo ungali unatumiwa katika matrekta ya leo takriban ulimwenguni kote. Aidha, ni matrekta ya aina hii ambayo Edmund Hillary na wenzake waliyaendesha juu ya barafu hadi Ncha ya Kusini, wakafika Januari 1958. Nilipomsimulia fundi habari hiyo alicheka, akasema kwamba huko angalau hakuna kutu.

Kulikuwa na yaliyotumia petroli, yaliyotumia mafuta mazito yanayokaribiana na mafuta ya taa, na kuanzia mwaka wa 1951, ya dizeli. Hatimaye dizeli ilishinda. Matokeo yake ni kwamba fundi kijana wa matrekta leo amelelewa na injini isiyokuwa na plagi za cheche, ilhali fundi kijana wa magari amelelewa na magari ambayo cheche zake hupangwa na vifaa vya kielektroniki. Trekta la petroli la miaka ya hamsini limebaki katikati, halina mwenyewe. Fundi wetu, mzee aliyepita umri wa miaka sabini, alijifunza kazi hiyo akiwa kijana katika karakana za mashamba makubwa ya nyanda za juu, na hajawahi kuona kitabu chochote cha Kiswahili kuihusu.

Kabla ya kununua chochote

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu: mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na cheche inayofika kwa wakati wake. Trekta lisilowaka limekosa mojawapo ya hayo. Kazi ya kwanza ya fundi, basi, ni kutambua lipi limekosekana, na wala si kukimbilia dukani. Neno “mgandamizo” ni langu mimi, la vitabuni. Fundi aliuita “pumzi”, na kila nilipotamka neno langu aliniangalia kwa huruma.

Injini iliyosimama kwa miaka mingi haipigwi stati siku ya kwanza. Ringi za pistoni huenda zimeshikana na kuta za silinda kwa kutu, na kuilazimisha ni kuvunja kitu. Hapa lugha ya karakana ni makini kuliko tulivyodhani. Injini “iliyoshika” ni ile isiyozunguka, ambayo pengine yaweza kuachiliwa. Injini “iliyonoki” ni ile iliyoharibika ndani na inayohitaji kufunguliwa yote. Tofauti kati ya maneno hayo mawili ni tofauti ya pesa nyingi sana.

Tulizitoa plagi zote nne, tukamimina ndani ya kila silinda kijiko cha mchanganyiko wa oili na dizeli, tukaiacha injini kwa siku tatu. Siku ya nne fundi aliingiza hendeli ya mbele, akahakikisha gia imo huru, akavuta polepole kuelekea juu. Iliguna, ikasogea kadiri ya upana wa mkono. Kabla ya kunipa hendeli hiyo alinionyesha namna ya kuishika: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke. Injini ikirusha hendeli kinyume, anayeizungushia kidole gumba huvunjika mkono. Kwa kuwa plagi zilikuwa nje, hatari ilikuwa ndogo siku ile, lakini alitaka niizoee kabla haijawa kubwa.

Injini ilipozunguka bila kukwama tulipima pumzi kwa kipimo chenye saa, kinachoshikizwa mahali pa plagi. Silinda ya tatu ilikuwa dhaifu kuliko nyingine. Mbinu ya kupata chanzo ni rahisi na yafaa kukumbukwa. Hutiwa oili kidogo ndani ya silinda iliyo dhaifu, kisha hupimwa tena. Kipimo kikipanda, basi ringi ndizo zinazovujisha, kwa sababu oili imeziba mwanya wake kwa muda. Kisipopanda, lawama ni ya vali. Chetu hakikupanda. Tulifungua kifuniko cha juu tukakuta vali moja imekwama kwa kutu nusu ya njia, haifungi. Kichwa cha injini kilishushwa, vali zikasagwa kwa dawa ya kusagia hadi zikakaa sawasawa katika viti vyake, gasketi mpya ikawekwa.

Hapo pana swali ambalo wenye injini za zamani huuliza. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini Kenya mwaka wa 2006, pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, na risasi hiyo ilikuwa ikivikinga viti vya vali visilike. Je, petroli ya leo italiua trekta? Kwa injini inayokwenda kasi muda mrefu hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, injini ya Ferguson huzunguka polepole, na iliundwa kwa petroli hafifu ya miaka iliyofuata vita. Kwa maoni ya fundi, kupima nafasi za vali kila msimu kunatosha, nami sikuona sababu ya kumpinga.

Petroli na njia zake

Petroli iliyoachwa ndani ya tangi hubadilika. Sehemu nyepesi hupepea, na iliyobaki hugeuka utomvu wenye harufu kali ambao huziba kila tundu dogo. Tangi la Ferguson limekaa juu ya injini, kwa hiyo petroli huteremka yenyewe bila pampu: kutoka tangini hadi kwenye bomba lenye kibakuli cha kioo na chujio, kisha hadi kwenye kabureta. Tulilishusha tangi, tukalisuuza kwa kokoto na mafuta ya taa hadi kutu ikakoma kutoka.

Kabureta hufunguliwa juu ya kitambaa cheupe, ili kisipotee kitu. Ndani mna kiboya kinachopanda petroli inapojaa na kuisukuma sindano izibe njia, mfano wa tangi la choo. Mna pia vijitundu vya shaba nyeupe vinavyopima kiasi cha petroli. Vijitundu hivyo havichokolewi kwa waya wa chuma. Chuma ni kigumu kuliko hiyo shaba, hivyo hupanua tundu, na injini iliyopanuliwa matundu hunywa petroli na kutoa moshi mweusi hadi mwisho wa maisha yake. Hulowekwa, kisha hupulizwa kwa upepo wa pampu.

Cheche

Hii ndiyo sehemu iliyonichukua muda mrefu kuielewa, na ndiyo inayopotea pamoja na wazee. Umeme wa betri hauna nguvu ya kuruka nafasi iliyoko kwenye ncha ya plagi. Hupitishwa kwanza katika koili, ambayo ina nyaya mbili zilizozungushwa mara nyingi, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Umeme hupita katika waya mnene maadamu vidole viwili vidogo ndani ya distribyuta vimegusana. Mafundi huviita “pointi”. Mhimili wa distribyuta unapozunguka huvitenganisha, umeme hukatika ghafla, na kule kukatika ndiko kunakozalisha msukumo wa maelfu ya volti katika waya mwembamba. Cheche basi huzaliwa mkondo unapokatwa, si unapowashwa, jambo lililonishangaza. Rota huupeleka msukumo huo kwenye plagi kwa zamu: silinda ya kwanza, ya tatu, ya nne, kisha ya pili.

Pointi zilizokaa kwenye unyevu huota ukungu usiopitisha umeme. Tulizisugua kwa msasa laini, tukaweka nafasi yake kwa bamba la kipimo, tukabadilisha kondensa. Kisha plagi ililazwa juu ya chuma cha injini, mbali na petroli yoyote, fundi akazungusha hendeli. Ilitoka cheche ya manjano, nyembamba. Inayotakiwa ni ya samawati, inayolia.

Sababu ilikuwa betri. Katika magari ya siku hizi ncha hasi ya betri ndiyo hufungwa kwenye mwili wa gari, lakini katika trekta hili hufungwa ncha chanya. Aliyewahi kujaribu kuliwasha kabla yetu alilifunga kama gari lake. Kosa hilo huidhoofisha cheche na laweza kuharibu dinamo. Tulibadilisha nyaya, na cheche ikaja ya samawati.

Kuwaka na kuzimika

Oili ya injini ilimwagwa na kutiwa mpya. Oili ya gia ilitoka nyeupe kama maziwa ya chai. Mvua ya miaka 11 ilikuwa imepenya kwenye shina la wenzo wa gia, na kwa kuwa katika trekta hili oili ya gia ndiyo pia inayoinua plau, maji hayo yangeliharibu pampu. Rejeta ilikuwa imetoboka, tukapata nyingine kutoka trekta bovu la jirani.

Tarehe 19 Februari mjomba mwenyewe alikaa kitini. Trekta hili halina kitufe cha stati. Wenzo wa gia husukumwa hadi kwenye alama ya S, na kwa hiyo haliwezi kuwashwa likiwa ndani ya gia. Aliusukuma. Lilipiga chafya, likamisi mara mbili tatu, kisha likashika. Fundi hakutazama moshi. Alitazama saa ya presha ya oili hadi ilipopanda, ndipo akatabasamu.

Baada ya dakika 20 lilizimika. Tukasubiri nusu saa, likawaka vizuri, likazimika tena baada ya dakika zilezile. Ikawa hivyo kwa siku nne. Muuzaji mmoja wa vipuri alimshawishi mjomba kwamba koili hufa inapopata moto, na kweli zipo zinazokufa hivyo. Koili mpya ilinunuliwa kwa pesa zilizowekwa kwa ajili ya mbegu. Trekta likazimika kama kawaida. Jioni ile mjomba alizungumza na mwenye mizani kwa simu.

“Usiilaumu koili, mwalimu,” fundi aliniambia asubuhi, ingawa aliyemlaumu si mimi. Aliliwasha, akaketi kando yake akinywa chai. Lilipozimika hakugusa waya wowote. Alifungua kifuniko cha tangi, nasi sote tukasikia hewa ikivutwa ndani kwa mluzi. Kifuniko kina tundu dogo la kupitishia hewa. Petroli inaposhuka, hewa sharti iingie kuchukua nafasi yake, la sivyo petroli hukoma kushuka. Mtu alikipaka kifuniko rangi zamani, na rangi ikaziba tundu. Baada ya nusu saa hewa hupenya kidogo kidogo kwenye nyuzi za kifuniko, na trekta hudanganya kwamba limepona.

Alilizibua kwa sindano ya kushonea magunia.

Tarehe 26 Februari lililima ekari mbili bila kuzimika, breki zikiwa zimekazwa usiku uliotangulia. Mwenye mizani alikuja kesho yake kama walivyoagana. Aliuziwa rejeta iliyotoboka na betri ya zamani, na koili mpya ikarudishwa kwenye boksi lake.