Kupanda Mlima Elgon peke yako wakati wa mvua: Baridi huanza kwa kuivuruga akili

MJI wa Kitale uko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mkazi wake aweza kuondoka nyumbani asubuhi akiwa na shati jepesi bila kuona taabu. Kilele cha Koitoboos, katika Mlima Elgon unaoonekana kutoka mjini humo anga inapokuwa safi, kimepita mita 4,100. Aliye na gari na miguu imara aweza kutoka Kitale alfajiri, akafika kileleni na kurejea siku iyo hiyo. Wepesi huo ndio unaowadanganya wengi.

Hewa hupoa kadiri mtu anavyopanda. Kwa wastani, joto hupungua kwa nyuzi sita na nusu za Selsiasi katika kila mita 1,000. Siku ambayo Kitale ina nyuzi 22, basi, kileleni huwa kuna nyuzi saba hivi, kabla ya kuhesabu upepo. Anayetoka Bungoma, mji ulio chini zaidi kwa takriban mita 500, hupambana na tofauti kubwa kuliko hiyo.

Nyuzi saba si baridi ya kugandisha maji, na kwa sababu hiyo watu huidharau. Hata hivyo, mvua ya nyuzi saba yenye upepo yaweza kumdhuru mtu kuliko barafu kavu. Nguo haina moto wake yenyewe. Humpa mtu joto kwa kuizuia hewa iliyotulia baina ya nyuzi zake. Nguo ikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa, na maji husafirisha joto kutoka mwilini kwa kasi inayozidi ya hewa kama mara 25. Upepo nao huyakausha maji hayo juu ya ngozi na kuondoa joto jingine zaidi.

Suruali ya jinzi na fulana ya pamba ndizo mavazi mabaya kabisa kwa safari hii, maana pamba hunyonya maji na kuyahifadhi. Sufu ikilowa bado hubakisha sehemu ya joto lake. Sweta kuukuu la sufu kutoka soko la mitumba, likifunikwa kwa koti la mvua lisilopenyeza maji, lina faida kuliko jaketi nene la kupendeza lililojazwa pamba.

Mimea ya huko juu imelijua jambo hili zamani. Miti ya seneshio, ile yenye vigogo vinene na vichwa kama kabichi, haiyaangushi majani yake makavu. Huyaacha yaning'inie kukizunguka kigogo ili yawe blanketi dhidi ya baridi ya usiku.

Joto la kawaida ndani ya mwili ni nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mtu amekwisha kuingia hatarini. Kwanza hutetemeka, na hiyo ni juhudi ya misuli kuzalisha joto. Vidole hufa ganzi, asiweze kufunga kifungo wala zipu. Kisha ulimi huwa mzito, miguu ikajikwaa pasipo jiwe, na mawazo yakazubaa. Kutetemeka kukikoma ilhali mtu hajapata joto, hiyo si nafuu bali ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa. Wapo hata wanaovua nguo wakati huo wakidhani wanaona joto.

Katika orodha hiyo, akili huvurugika mtu akiwa bado anatembea. Wawili wanapokwea pamoja, mmoja humwona mwenzake akijikwaa, humsikia akiropoka, akamwambia, "Ndugu yangu, turudi." Aliye peke yake hana wa kumwambia hivyo. Chombo anachokitegemea kuitambua hatari ndicho kinachoharibika kwanza. Hujiona mzima, huona kilele ki karibu, na huona uvivu kufungua mkoba ili atoe sweta ambalo lingemwokoa.

Kwa hiyo maamuzi makubwa yafaa kufanywa chini, kichwa kikiwa bado na joto. La kwanza ni saa ya kugeuka. Asubuhi mlimani huelekea kuwa safi, lakini jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu, nyingi yake ikitoka upande wa Ziwa Victoria, hupanda na kugeuka mawingu. Alasiri huja na radi, mvua ya mawe na ukungu unaoificha njia. Mtu aamue kwamba ifikapo saa sita mchana atageuka, awe amefika au hajafika, na asiibadilishe saa hiyo akiwa njiani. Eneo hili liko karibu na ikweta, na jua huzama kabla ya saa moja jioni. Giza halichelewi kufuata.

La pili ni sharti la nguo: mvua ikianza, koti livaliwe kabla ya kulowa, si baada ya kulowa. Nguo kavu za akiba zifungwe ndani ya mfuko usiopenya maji. Mifuko ya plastiki ya madukani ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika mbuga za taifa. Msafiri abebe chupa ya kudumu, na ile ya chai ya moto asiiache.

Chakula nacho ni kuni za mwili. Njugu, viazi vitamu vilivyochemshwa na kipande cha sukari nguru kutoka Bungoma vyatosha, mradi viliwe kidogo kidogo njiani kabla njaa haijauma. Chang'aa isibebwe. Wanaosema inapasha mwili hawasemi uongo kuhusu wanachokihisi, ila pombe huipanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, na joto la ndani likatoka nje. Mnywaji huhisi moto huku akizidi kupoa.

Kuhusu njia, upande wa Kitale hupitia Endebess hadi lango la Chorlim la Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon. Barabara ya gari hupanda hadi karibu mita 3,500, ingawa mvua huigeuza kuwa tope. Upande wa Bungoma, kupitia Kimilili na Kapsokwony kuelekea Chepkitale, ni mrefu mno kwa safari ya siku moja hadi kileleni. Anayepitia huko aridhike na msitu na mwanzo wa nyika ya juu.

Msituni mna nyati na ndovu, na katika ukungu na kelele za mvua mtu aweza kumkaribia nyati wasisikiane. Ni busara kumchukua askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), hata kwa aliyekusudia upweke.

Mapango nayo huvutia mvua inaponyesha. Kitum, ambamo ndovu huingia kukwangua chumvi ukutani, si mahali pa kujibanza. Wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikuwa wamelizuru pango hilo kabla ya kuugua, na popo wa matunda wanaojulikana kubeba virusi hivyo huishi katika mapango ya aina hiyo.

Anayekwea peke yake aache habari kwa mtu wa nyumbani na langoni: njia atakayopita, rangi ya koti lake, saa atakayogeuka, na saa ambayo, asipoonekana, atafutwe. Asitegemee simu, kwa kuwa mtandao hukatika mabondeni na betri hudhoofika katika baridi. Akikutwa amepoa, avuliwe nguo zilizolowa, akingwe upepo, afunikwe kwa nguo kavu hadi kichwani na alazwe juu ya kitu kavu. Apewe chai yenye sukari ikiwa tu ana fahamu na aweza kumeza. Asisuguliwe mikono wala miguu, wala asilazimishwe kutembea, bali abebwe taratibu hadi hospitalini.