Adui na Rafiki Juu ya Mchungwa

Watoto, si kila mdudu aliye juu ya mti ni adui wa mkulima. Wako wadudu wanaokula mti, na wako wengine wanaokula hao walao mti. Mkulima asiyejua kuwatenga huwaua wote pamoja, kisha adui hurudi peke yake. Sikilizeni jinsi wakulima wa California, katika nchi ya Marekani, walivyojifunza jambo hilo kwa hasara kubwa.

1. Mdudu mweupe

California ni nchi ya jua, yenye mashamba makubwa ya michungwa na milimau. Karibu na mwaka 1868 aliingia huko mdudu mgeni kutoka Australia, amejificha katika miche iliyoletwa kwa merikebu. Mdudu huyo ni wa jamaa ya wadudu gamba. Hushikamana na tawi, huchoma ganda lake kwa mdomo mwembamba kama sindano, na kunyonya maji ya mti. Jike hujitengenezea mfuko mweupe kama pamba, na ndani yake hutaga mayai mekundu, mamia kwa mamia. Tena hutoa maji matamu yanayodondoka juu ya majani. Hapo huota ukungu mweusi, na majani hayapati jua. Majani huanguka, matawi hukauka, na mwisho mti hufa.

Wakulima walijaribu njia nyingi. Waliosha miti kwa sabuni na mafuta. Walifunika miti kwa hema na kuingiza hewa ya sumu ndani yake. Haikutosha. Wengine waling'oa michungwa yao wakaichoma moto. Mchungwa hauzai upesi. Mtu akiuchoma mti alioutunza miaka mingi, amechoma chakula cha watoto wake.

2. Dundu mwekundu

Lakini kwao Australia mdudu huyo hakuwasumbua watu sana. Basi huko lazima kiwepo kitu kinachomla. Mwaka 1888 Charles Riley, mkubwa wa mafundi wa wadudu wa serikali, alimtuma Albert Koebele kwenda kukitafuta. Koebele alimwona dundu mdogo wa mviringo, mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi. Huyu ni mdogo kuliko punje ya mahindi, na jina lake ni vedalia. Chakula chake ni wale wadudu gamba weupe pamoja na mayai yao.

Madundu 129 walifika wazima Los Angeles. Walitiwa ndani ya hema lililofunika mchungwa mmoja uliojaa wadudu. Wakala, wakataga mayai, na watoto wao wakala vilevile. Mwezi wa nne wa mwaka 1889 mti ule ulikuwa safi. Hema lilifunguliwa, madundu wakaenea katika miti ya jirani, na wakulima wakaja kuwachukua kwa ajili ya mashamba yao. Kabla ya miaka miwili kwisha, mdudu mweupe hakuwa tena tishio.

3. Dawa inayomwua rafiki

Baada ya vita ya mwaka 1939 mpaka 1945, wakulima walipata dawa mpya yenye nguvu, DDT. Waliinyunyizia michungwa ili kuua wadudu wengine. Haukupita muda, pamba nyeupe ikaonekana tena juu ya matawi!

Kwa nini? Vedalia hutembea huku na huku akitafuta chakula, hivyo hukanyaga dawa kila mahali, akafa. Mdudu gamba hukaa mahali pamoja, na mayai yake yamefunikwa katika mfuko. Wengi wao walipona, wakazaana bila mtu wa kuwazuia. Wakulima walilazimika kupunguza dawa na kuwaleta madundu tena. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilikataza kutumia DDT mashambani.

4. Mikono miwili

Je, dawa zote zitupwe? Hapana. Wako wadudu ambao adui zao hawatoshi, na mwaka mwingine huzidi mno. Mkulima mwenye akili hufanya kazi kwa mikono miwili: rafiki huku, dawa huku.

Kwanza, hutazama. Hugeuza majani na kuhesabu adui na marafiki. Marafiki wakiwa wengi, hungoja.

Pili, huchagua dawa. Mafuta meupe yaliyosafishwa sana na kuchanganywa na maji humfunika mdudu gamba, akakosa pumzi. Yakiisha kukauka, dundu anayekuja nyuma hapati madhara. Sumu kali inayodumu juu ya majani humwua na huyo pia.

Tatu, hanyunyizi shamba zima bila sababu. Hutia dawa katika miti iliyoshikwa tu. Katika miti mingine marafiki hupata pa kuishi, kisha hurudi.

Nne, huwazuia sisimizi. Hao hupenda yale maji matamu, na kwa ajili yake huwafukuza madundu. Kitambaa kilichopakwa ulimbo na kufungwa shinani huwakataza kupanda.

Nanyi mkiona dundu mwekundu mwenye madoa juu ya mti wa matunda, msimwue. Tazameni kwanza anakula nini. Na chupa ya dawa ya wadudu msiiguse: hiyo ni kazi ya watu wazima.

Maulizo

1. Mdudu mweupe alitoka nchi gani?
2. Vedalia hula nini?
3. Kwa nini DDT ilimsaidia adui?
4. Mkulima afanye nini kabla ya kunyunyiza dawa?
5. Kwa nini sisimizi wanamsaidia mdudu gamba?